Sadaka kwa Mkono wa Mwenzio



Leo sina khabari ya baraza wala ya mkutano. Nataka kusema juu ya basi: basi la abiria, la nauli, ambalo mtu asiye na motokaa hulisubiri kituoni alfajiri ili afike kazini, sokoni, hospitali au skuli. Huenda wengine wakacheka, wakasema kwamba karatasi yetu hii ina mambo makubwa zaidi ya kuandika. Nawajibu kwamba kwa mtu wa kawaida mambo makubwa kuliko hili ni machache. Mtu huyo hukutana na wakubwa wake siku za sherehe tu, wao wakiwa juu ya jukwaa na yeye chini juani. Lakini na basi hukutana mara mbili kila siku ya Mungu. Ukitaka kujua mji unawathamini vipi watu wake wanyonge, usiulize hotuba zilizosomwa. Nenda kasimame kituoni saa kumi na mbili ya asubuhi, utazame nani anapanda na nani anaachwa.

Mimi ni muuza duka. Kila baada ya mwezi au miezi miwili hupanda boti pale Malindi, nikavuka kwenda Dar es Salaam kununua bidhaa Kariakoo, kama wafanyavyo wenye maduka wengi wa visiwa hivi. Aghlabu hulala usiku mmoja kwa jamaa zangu upande wa Mbagala, na asubuhi yake nikapanda daladala kwenda mjini. Wengi wenu mwaijua safari hii. Wengine mmekwenda Muhimbili kuuguza, wengine kuwatazama watoto wenu waliooa na kuolewa huko. Kwa hivyo niyasemayo si hadithi ya nchi ya mbali, ni mambo tuliyoyaona kwa macho yetu, na wengine wetu tumeyaonja kwa mbavu zetu.

Asubuhi moja katika safari hizo, wakati mabasi ya mwendokasi yalikuwa bado hayajafika upande huo, nilisimama kituoni kabla jua halijachomoza. Kando yangu alisimama mtoto wa kike aliyevaa sare ya skuli, mkoba mgongoni, na mkononi ameikamata sarafu yake ya shilingi 200. Likaja basi la kwanza. Konda akateremka, akanyoosha mkono mlangoni kama komeo, akasema, “Mwanafunzi subiri.” Watu wazima wakapanda, basi likaondoka. La pili likapunguza mwendo, lakini dereva alipoziona sare tatu nne zimejipanga mbele, akalipita lile kundi akaenda kusimama mbali, na wenye miguu ya kukimbia wakalikimbilia. La tatu likachukua wanafunzi wawili, wavulana wakubwa wenye nguvu za kusukumana. Mtoto yule akabaki. La nne nikapanda mimi. Nasema kweli yangu, na naisema kwa haya: nilipanda mimi mtu mzima, nikapata kiti, nikatazama dirishani, naye bado amesimama na sarafu yake.

Mchana kutwa, nilipokuwa nikichagua mali Kariakoo, sikuacha kumfikiri. Nikafanya kama tufanyavyo sote: nikamlaani konda. Nikasema hana adabu, hana huruma, kama kwamba yeye hakuzaliwa na mama. Jioni, katika kurudi, nikapata kiti cha mbele, na gari ikakwama katika foleni. Konda wa gari hiyo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mchangamfu, aliyeniamkia vizuri. Nikamwuliza kwa upole, “Mwanangu, kwa nini mnawaacha watoto vituoni?” Hakukasirika. Akaniuliza, “Mzee wangu, una biashara?” Nikamwambia ninalo duka Unguja. Akasema, “Basi piga hesabu mwenyewe.”

Nimeipiga hesabu ile mara nyingi tangu siku hiyo. Leo naipiga tena mbele yenu, maana kalamu ya daftari la duka haijui kumpendelea mtu.

Mnamo Desemba 2023 mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu Tanzania Bara, iitwayo LATRA, ilitangaza nauli za daladala. Mtu mzima, kwa safari isiyozidi kilomita 10, alitakiwa alipe shilingi 600. Mwanafunzi, shilingi 200. Haya, tuchukue gari yenye viti 30. Ikijaa watu wazima watupu, safari moja ni shilingi 18,000. Ikichukua wazima 20 na wanafunzi 10, ni shilingi 14,000. Pungufu ni shilingi 4,000 kwa safari moja. Mafuta yaliyochomwa ni yale yale, mipira iliyolika ni ile ile, na foleni iliyokaliwa ni ile ile.

Sasa twauliza: hizo shilingi 4,000 zimetoka mfukoni mwa nani?

Jawabu la swali hili ndilo shina la maneno yangu yote, kwa hivyo nawaomba mnisikilize. Gari ile aghlabu si ya dereva. Ina mwenyewe, na mwenyewe humkabidhi dereva asubuhi kwa sharti moja: jioni aletewe kiasi cha fedha kilichokwisha kukatwa. Kiasi hicho ndicho kinachoitwa “hesabu”. Mafuta ni juu ya dereva. Mpiga debe wa kituoni atalipwa na dereva. Kikibaki kitu baada ya hesabu, ndicho ujira wa dereva na konda wake. Kisipobaki, wamefanya kazi bure tangu alfajiri hadi usiku. Na hesabu isipotimia mara mbili tatu, kesho usukani anapewa mwingine, kwa kuwa vijana wanaousubiri ni wengi. Mshahara wa mwezi wengi wao hawaujui. Mkataba wa maandishi wengi wao hawajauona. Mnamo Aprili na Mei 2015 madereva wa mabasi waligoma huko Bara, na mikataba ya kazi ilikuwa moja katika madai yao.

Tazameni basi. Mwenye gari hakupungukiwa na kitu, maana hesabu yake ni ile ile. Serikali haikupungukiwa, maana haikutoa senti. Waziri na mkurugenzi hawakupungukiwa. Zile shilingi 400 anazosamehewa kila mtoto zimekatwa katika chakula cha usiku cha dereva na konda. Wao wawili, walio maskini kuliko wote katika biashara ile, ndio waliochaguliwa kuwa wafadhili wa elimu ya taifa, wala hapana aliyewauliza.

Mimi naufahamu upesi mzigo huu kwa sababu ya kazi yangu. Lau ingetoka amri kwamba kila mtoto atakayeingia dukani kwangu auziwe sukari kwa theluthi ya bei, na pasiwe na mtu wa kunirudishia theluthi mbili zilizobaki, ningefanya nini? Mtoto wa kwanza ningemwuzia kwa huruma. Wa pili ningemwuzia kwa kuona haya. Wa tano ningemwambia sukari imekwisha, nalo gunia liko nyuma ya mlango. Nanyi mngenipita barazani mkisema, “Fulani amekuwa mwovu, anawanyima watoto.” Mngesema kweli, na mngekuwa mmesema nusu ya kweli. Chuoni tulifundishwa ubaya wa kupunja mizani kabla hatujajua kuandika majina yetu sawasawa, nami simtetei mwenye kupunja. Lakini ikiwa mizani yenyewe imetengenezwa imepinda, anayestahili kuulizwa kwanza ni aliyeitengeneza.

Watoto wasafiri kwa nauli ndogo: neno hili ni jema, nami naliunga mkono kwa mikono miwili. Lakini mwenye kutoa sadaka hutoa katika mali yake. Kuamrisha sadaka itoke mkononi mwa mwenzio, na wewe ukashukuriwa kwayo, hiyo si sadaka. Ni dhulma iliyovaa kanzu nyeupe.

Mkiisha kuijua hesabu, mtaona kwamba inafumbua mambo mengi ambayo tumezoea kuyatupia tabia mbaya ya watu. Kwa nini gari hukaa kituo cha mwanzo nusu saa na zaidi, abiria wakitoka jasho? Kwa sababu kuondoka na viti vitupu ni kuondoka na hasara. Kwa nini, ikiisha kujaa, hukimbia kama inafukuzwa? Kwa sababu saa ni chache na hesabu haijatimia. Kwa nini watu husimama wamebanana hata mtu hajui mkono ulio mbele yake ni wake au wa mwenzake? Kwa sababu abiria wa kusimama ndiye faida. Kwa nini gari iliyoandikwa mwisho wa safari yake hukatisha njiani, ikageuza, na abiria wakateremshwa walipe nauli nyingine mbele? Kwa sababu sehemu iliyobaki ina abiria wachache. Na kwa nini jioni wengine huingia kwa dirishani, na wengine huipanda gari ikiwa bado inakuja mjini, wakazunguka nayo na kulipa nauli mara mbili ili wapate kiti cha kurudia nyumbani? Kwa sababu hapana aliyelipwa ili alete gari ya kutosha saa ambayo watu ni wengi. Dereva halipwi kwa kuwafikisha watu. Hulipwa kwa kile alichonyakua baada ya mwenyewe kuchukua chake.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni matunda ya kuwaachia watu binafsi usafiri wa mji, na kwamba zamani, mabasi yalipokuwa ya umma, mambo yalikuwa mazuri. Na tuitazame hiyo zamani kwa insafu.

Tangu 1949 mabasi ya Dar es Salaam yaliendeshwa na kampuni iliyoitwa DMT. Mnamo 1970 Serikali ikaitaifisha, na 1974 likazaliwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, ambalo wazee wa mji ule hata leo hulitaja kwa mapenzi. Mwanzo ulikuwa mwema. Lakini mji ulikuwa ukijaa watu upesi, fedha za kigeni za kununulia vipuri zikawa adimu, na Serikali, kwa kutaka kuwapendeza wananchi, ikaiweka nauli chini kuliko gharama ya kumchukua abiria. Nia ilikuwa njema. Ila ile tofauti baina ya nauli na gharama haikulipwa kwa ukamilifu. Basi lililoharibika likakosa kipuri, likawekwa kando, na baada ya muda likang'olewa vyombo ili kulitibu jingine. Watu wakabaki vituoni saa nzima na zaidi. Magari ya watu binafsi yakaanza kuchukua abiria kwa kificho, na 1983 Serikali ikakubali kuyapa ruhusa. Nauli yao ilikuwa shilingi 5, ile sarafu watu waliyoiita “dala”, na hapo ndipo lilipotoka jina la daladala.

Mmeliona fundisho? UDA ilidhoofika kwa ugonjwa ule ule unaomwacha mtoto kituoni leo. Wakubwa waliamrisha bei ya chini, wakapigiwa makofi, na wakamwachia mwingine jukumu la kuilipa. Siku zile mwingine huyo alikuwa shirika, nalo likafa polepole, basi moja baada ya jingine. Siku hizi ni konda, naye hafi polepole, hufunga mlango. Kwa hivyo msinigombeze kwa maneno ya mali ya umma na mali ya mtu binafsi. Nimewaona wote wawili wakishindwa mbele ya swali moja: nani atalipa tofauti?

Halafu yakaja mabasi ya mwendokasi. Nitasema jema lake kwanza, maana mwenye kukosoa bila ya insafu hasikilizwi. Mnamo Mei 2016 yalianza kwenda katika barabara yake yenyewe, kilomita 21 hivi, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Kwa mara ya kwanza basi la maskini likaipita motokaa ya tajiri iliyokwama katika foleni, na sikujua kwamba kuna raha kama hiyo katika dunia hii. Mji ule ukapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri ya mwaka 2018. Hayo tunayakiri.

Lakini tazameni yaliyofuata. Kituo cha kulazia mabasi kilijengwa Jangwani, katika bonde la Msimbazi, ambalo kila mtoto wa mji ule anajua kwamba mvua kubwa zikija hujaa maji. Na katika mafuriko ya 2018 mabasi yakaharibika humo. Kadhalika barabara ya Mbagala, ile ninayopita mimi kwenda kwa jamaa zangu, ilikwisha kujengwa kwa zege zuri na vituo vyenye mapaa, kisha ikakaa muda mrefu bila mabasi, watu wakiitazama kama chakula nyuma ya kioo. Mabasi yake yalianza kwenda 2025. Kwa nini zege lilipatikana kabla ya gari? Kwa sababu zege hukopewa, na siku ya kulizindua watu hukata utepe na kupigwa picha. Kumchukua mtu kila siku, mwaka baada ya mwaka, hakuna utepe wa kukatwa. Ni kazi ya kulipia kidogo kidogo isiyokwisha, kama kulisha nyumba. Na wakubwa wetu wengi wanapenda sana kufanya harusi, lakini hawapendi kulisha nyumba.

Wengine watasema, “Haya ndiyo maumbile ya miji mikubwa, hayana dawa.” Uongo. Nitataja miji miwili.

Wa kwanza ni Bogotá, mji mkuu wa Colombia, nchi isiyo tajiri kama za Ulaya. Huko nako mabasi yalikuwa ya watu binafsi, na dereva alipata riziki yake kwa idadi ya abiria aliowanyakua barabarani. Mabasi yakawa yanashindana, yanazibana njia, yanapakia katikati ya barabara. Wenyewe waliyaita mambo hayo vita vya senti. Mnamo Desemba 2000 wakaanzisha mabasi yaitwayo TransMilenio, katika barabara zake, na jambo kubwa walilolifanya halikuwa zege. Walibadilisha namna ya malipo: mwenye mabasi akawa analipwa kwa kilomita zilizokwendwa, si kwa vichwa alivyovigombania. Sisemi kwamba mji ule umekuwa pepo. Mabasi yale nayo hujaa mno, na watu wake hunung'unika. Lakini katika njia zile vita vya senti vilikwisha, kwa kuwa senti yenyewe iliondolewa mikononi mwa wapiganaji.

Wa pili ni London. Mabasi mekundu ya huko huendeshwa na makampuni ya watu binafsi, kwa mkataba na mamlaka ya usafiri ya mji. Nauli huingia katika mfuko wa mamlaka, na kampuni hulipwa kwa kazi ya kupeleka basi katika njia yake kwa saa zilizopangwa. Tangu 2005 watoto wa chini ya miaka 16 husafiri bure katika mabasi hayo. Sasa niambieni: dereva wa London anayemfungulia mlango mtoto asiyelipa hata senti, ni mwungwana kuliko kijana wa Tandika au Buguruni? Hasha. Mshahara wake haupungui kwa kumchukua mtoto yule, ndiyo sababu. Mpeni kijana wa Tandika mshahara kama huo uone kama hatashuka kumshika mtoto mkono apande.

Najua yatakayosemwa. Nitayajibu matatu.

La kwanza watasema: “Serikali haina fedha ya kulipia nauli za wanafunzi.” Nawaambia kwamba fedha hiyo inalipwa leo hii, tunapozungumza. Inalipwa na dereva, inalipwa na konda, na kwa sehemu kubwa inalipwa na mtoto mwenyewe, kwa saa yake ya kwanza ya masomo. Swali si kama italipwa. Swali ni nani mwenye mabega ya kuibeba. Mnamo Januari 2016 Tanzania Bara iliondoa ada katika skuli zake za umma hadi kidato cha 4, jambo jema kabisa. Lakini mtoto aliyefunguliwa mlango wa skuli na akafungiwa mlango wa basi amepewa nini? Amepewa nyumba ng'ambo ya mto usio na daraja.

La pili watasema: “Askari wawakamate makonda wanaokataa wanafunzi.” Hili hulisema khasa wale wasiopanda basi. Askari hawezi kusimama kila kituo kila asubuhi. Na akimkamata konda akamtoza faini, faini hiyo inaongezwa juu ya hesabu ya siku ile, na ili kuifidia itabidi waachwe watoto wengine zaidi katika vituo vinavyofuata. Mnamtibu mwenye kiu kwa kumlisha chumvi.

La tatu watasema: “Wazazi wawapeleke watoto skuli za karibu.” Mzazi maskini hachagui skuli. Hupangiwa. Wala hachagui mahali pa kukaa; hukaa palipo na chumba rakhisi, napo ni mbali. Anayesema hivi anapelekewa mtoto wake skuli kwa motokaa, tena aghlabu kwa mafuta ya umma.

Na liko jambo ambalo ni zito kulisema, lakini sisi ni wazazi. Mtoto wa kike aliyeachwa na mabasi manne, anayejua kwamba mwalimu yuko getini na fimbo yake, hatasimama pale milele. Atakuja mtu na pikipiki au na motokaa, amwambie, “Panda nikufikishe, sitaki pesa yako.” Leo hataki pesa. Wazazi mnafahamu kwamba lifti ya namna hiyo hulipiwa siku nyingine, tena si kwa shilingi. Kwa ajili ya shilingi 400 ambazo taifa zima limekataa kuzilipa, mtoto mmoja ameachiwa deni atakalolilipa kwa umri wake.

Ndugu wanachama, msije mkasema kwamba hayo ni ya Dar es Salaam, mji wa watu 5,383,728 kwa hesabu ya 2022, na sisi visiwani tuko salama. Mkoa wetu wa Mjini Magharibi pekee ulihesabiwa watu 893,169 mwaka huo huo, na kila siku nyumba zinasogea mbali zaidi na mjini. Gari zetu za 502 za Bububu na 505 za Uwanja wa Ndege, na zile za Fuoni na Mwanakwerekwe, nazo zina wenyewe wanaosubiri chao jioni, na dereva na utingo hubakiwa na makombo. Nani kati yetu hajapata kuona, saa ya kutoka skuli, watoto wenye sare nyeupe na buibui wakiikimbilia gari, na utingo akiwapungia mkono kana kwamba anafukuza kuku? Tunapewa barabara mpya, nasi twashukuru. Lakini lami haina huruma wala haina ukatili. Haimpakii mtu wala haimwachi. Anayepakia na kuacha ni mtu, na mtu hufuata mizani aliyowekewa.

Basi tunataka nini? Tunataka mambo manne, wala si makubwa kwa mwenye nia.

Kwanza, tofauti ya nauli ya kila mwanafunzi ilipwe na hazina, kwa kadi inayohesabika, na ifike mikononi mwa waliofanya kazi, isiishie kwa mwenye gari. Siku konda atakapojua kwamba mtoto ana thamani sawa na mtu mzima, ule mkono ulionyooshwa mlangoni kama komeo utakunjuka wenyewe.

Pili, ruhusa ya kupeleka gari katika njia isitolewe mpaka dereva na utingo wawe na mkataba wa maandishi na mshahara unaojulikana, na gari ilipwe kwa safari ilizokwenda. Mwenye gari apate faida yake ya halali, hatumwonei kijicho. Lakini asikae kivulini akamwachia kijana hasara yote.

Tatu, kabla ya kujengwa barabara nyingine yoyote kwa mkopo, wananchi waambiwe kwa maandishi nani atalipia mabasi yatakayopita juu yake, mwaka wa kwanza hadi wa kumi.

Nne, na hili halihitaji fedha yoyote: kila mkubwa anayekaa kitako kupanga nauli apande basi wiki moja, tangu kituo cha mwisho, saa kumi na mbili ya asubuhi, bila ya mlinzi na bila ya kutangaza. Sisi wauza duka hatupangi bei ya kitu tusichowahi kukishika. Wao wanapanga bei ya safari wasiyowahi kuisafiri.

Na sisi abiria nasi tunalo letu. Tusingoje hazina. Mtu mzima aliyepata mlango na asimame upande, mtoto apande kwanza. Konda akikataa, watu kumi waseme kwa pamoja kwamba hawapandi mpaka mtoto apande. Yeye anazihitaji shilingi zao 6,000 kuliko anavyozichukia zile 200 za mtoto. Nimelisema hili kwa sababu ningeweza kulifanya asubuhi ile, na sikulifanya. Nilifika Kariakoo mapema, nikapata mali nzuri kwa bei nzuri, na mpaka leo sijui mtoto yule alifika skuli saa ngapi, wala alifikaje. Katika daftari langu yako madeni mengi ya watu. Hili ni moja ninalodaiwa mimi, na kwa kuwa sijui pa kulilipa, nimeliandika hapa, ili walioliona kama mimi wasilisahau, na wenye madaraka ya kulilipa wasijifanye kwamba hawakuonyeshwa.

Wassalaam.

Mwenye Duka,
Ng'ambo.